Kiruko cha Sensei Wetu

Kwa miaka mitatu nilikuwa naruka na sikujua kwamba naruka. Nilidhani nafanya karate.

Tunafanyia mazoezi Gongoni, hapa Tabora, nyuma ya maduka, kwenye ghala la zamani la mzee mmoja wa Kiarabu. Babu yake aliweka humo mizigo ya misafara, baba yake akaweka mpunga, na yeye mwenyewe hakuwa na cha kuweka, basi akatuweka sisi. Sharti lake lilikuwa moja tu: tusiuvunje mlango. Mlango wenyewe ni wa mninga, una unene wa kiganja. Tungekuwa na uwezo wa kuuvunja ule, tusingehitaji mwalimu.

Mwalimu wetu, sensei kwa Kijapani, ni fundi cherehani. Ni Mnyamwezi wa Lusu, kule Nzega, mtu mfupi, mkavu, anayefundisha huku tepu ya kupimia imemning'inia shingoni kwa sababu husahau kuivua. Magwanda yetu ameyashona mwenyewe kwa marekani, kile kitambaa kigumu, na ukirusha ngumi mkono wa gwanda unalia kama shuka inayokung'utwa. Karate alijifunzia Dodoma ujanani, alikokuwa akishona sare za shule. Ukiingia ghalani unamwinamia Kijapani, na ukiwa umeinama hivyo hivyo unasema shikamoo, maana Mnyamwezi gani atakubali kuinamiwa tu bila kuamkiwa?

"Marahaba," anajibu. "Nyoosha mgongo."

Mimi mchana nauza asali na mama mdogo pale Isevya. Kidato cha nne nilimaliza, matokeo yakaja kimya kimya na sisi nyumbani tukayapokea kimya kimya. Lakini ghalani nilikuwa sempai, yaani mwanafunzi mkubwa anayewasimamia wapya, na nilikuwa na ndoto tatu: mkanda mweusi, ukumbi wangu mwenyewe wenye sakafu ya mbao, na kufika Japani hata kwa siku moja, niwaonjeshe asali ya miyombo.

Sasa, kata, kwa asiyejua, ni pambano la mtu mmoja. Adui hayupo, unamwazia tu. Unakinga, unapiga, unageuka, hatua zile zile kwa mpangilio ule ule walioufuata waliokutangulia, na heshima yake yote ni kwamba hakuna anayeruhusiwa kuongeza chumvi.

Mwaka juzi ikaja barua kutoka chama cha karate. Mkaguzi atakuja Tabora kutuangalia. Akiridhika na kata zetu, sensei atapewa cheti cha kufundisha, kitu ambacho alikuwa hajawahi kuwa nacho miaka yote hiyo. Asiporidhika, sensei aache kufundisha, na sisi twende kwa kijana mmoja aliyefungua ukumbi wenye vioo na muziki kule mjini.

Sensei alituita, akatusomea barua mara mbili. Siku iliyofuata tukakuta amepigilia msumari ukutani, juu kabisa, mahali penye mwanga. Msumari wa cheti. Kwa vile cheti chenyewe kilikuwa hakijaja, akawa anatundika tepu yake pale, na akawa haisahau tena shingoni. Kila nikiuona ule msumari moyo ulikuwa unaniuma kidogo, sijui kwa nini. Baadaye nilijua.

Nilijua siku moja nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya asali, mteja hakuna, mama mdogo kaenda sokoni. Nikasema ngoja nitafute kwenye simu kata yetu wanavyoifanya wenzetu duniani. Nikamwona Mjapani mmoja mzee. Safi kabisa, ila pale anapogeuka nyuma kwa mguu wa kulia hakuruka. Nikamsikitikia: uzee huo. Nikamfungua Mbrazili. Hakuruka. Msichana wa Misri, mdogo kuliko mimi, ana mguu mwepesi kama swala. Hakuruka. Haki ya Mungu niliwatazama watu tisa, na mpaka wa saba bado nilikuwa naamini dunia nzima imekosea isipokuwa Gongoni.

Ndipo nikafungua video yetu wenyewe, niliyoipiga wiki iliyopita, simu nimeiegemeza ukutani. Sensei mbele, sisi kumi na wawili nyuma. Tukafika kwenye kugeuka. Sensei akainua mguu, akaruka kidogo, tap, akatua. Na sisi sote nyuma yake, kwa pamoja, tap. Kama vyura waliopigiwa filimbi.

Nikairudisha. Tap. Nikairudisha tena, nikaangalia goti lake tu, na hapo nikakumbuka habari ambayo kila mtu pale ghalani anaijua. Zamani, kabla yangu, sensei alitoka Lusu kwa baiskeli, amefunga kichwa cha cherehani nyuma, akaanguka kwenye mteremko. Cherehani haikupata hata mkwaruzo. Goti ndilo lililopokea kila kitu. Akitembea humwoni akichechemea. Ila akilizungusha lile goti, linakwama, naye analinyanyua ili lifunguke. Mwenyewe hajui. Atajuaje? Ghalani hakuna kioo.

Mpaka hapo ningeweza kulala usingizi mwema, kosa si langu. Lakini kuna jambo. Miezi kadhaa nyuma, mama mmoja mwanafunzi wetu, anayekaanga vitumbua pale karibu na stendi, aliniuliza, "Sempai, hapa tunaruka nini?" Nami sikujua. Badala ya kusema sijui, nikajaza kifua hewa nikamwambia, "Adui anafagia miguu yako kwa fimbo ndefu. Unairuka." Akafurahi mno. Akawaambia wengine. Wakaanza kuruka juu zaidi, maana fimbo ilikuwa inazidi kunenepa kwa kila anayesimulia. Mmoja, dereva wa bodaboda, akamuuliza sensei kama ni kweli kuna fimbo. Sensei akafikiri, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekumbushwa jambo la ujanani. "Ndiyo," akasema. "Fimbo."

Kwa hiyo goti ni la sensei, lakini fimbo ilikuwa yangu.

Zimebaki wiki mbili mkaguzi aje, nikaenda kwenye kibanda chake cha kushonea. Pana kioo kirefu cha wateja, chembamba, cha kujitazama suruali. Nikasema akili ndiyo hii: ajione mwenyewe, mimi nisiseme neno.

"Shikamoo, sensei. Naomba unionyeshe kile cha kugeuka, bado hakijanikaa."

"Marahaba. Jioni."

"Hapa hapa, sensei. Mbele ya kioo. Nikuone mbele na nyuma kwa mara moja."

"Mteja akiingia je?"

"Atajua anashonewa na mtu hodari."

Akacheka kwa pua. Akasogeza meza ya pasi, akaitundika pembeni suti ya bwana harusi wa watu, akaanza. Jamani, yule mzee anapendeza akifanya kata. Ngumi ikaingia kwenye kioo, ikatoka. Kiwiko kikaingia, kikatoka. Akafika kwenye kugeuka, na kwa kuwa kioo ni chembamba, akatoka nje ya kioo, akaruka kule upande wa pasi, tap, akarudi ndani ya kioo ametulia kama picha ya pasipoti.

"Umeona?"

"Nimeona, sensei."

"Umeona nini?"

"Uzuri."

"Haya, nenda kauze asali."

Nikaenda kwa mama wa vitumbua. Hapa lazima nieleze kidogo. Yule mama ni mkubwa, angeweza kunizaa. Nje ya ghala namwamkia shikamoo na kumpokea beseni. Ndani ya ghala ana mkanda wa njano, ananiinamia mimi na kuniita sempai. Tumezoea, tunabadilishana ukubwa mlangoni kama watu wanaopokezana mwavuli.

"Mama, sensei lazima aambiwe," nikasema, nikamwonyesha video. Alitazama, akaweka mkono mdomoni.

"Mwambie basi, mwanangu."

"Mwambie wewe. Wewe ni mtu mzima mwenzake."

"Huku nje. Kule ndani mimi mkanda wa njano nimwambie mkanda mweusi amekosea? Wewe ndiye sempai."

"Kule ndani. Huku nje mimi mtoto. Nimwambie mzee goti lake bovu?"

"Basi mwambie mkiwa ndani."

"Ndani ndiyo kabisa, mama! Ndani siruhusiwi hata kuuliza mpaka niinue mkono."

Tukatazamana. Vitumbua vikaungua upande mmoja. Kumbe hapakuwa na mahali pa kusimama ambapo mmoja wetu alikuwa na ukubwa wa kutosha kulisema lile neno.

"Ile fimbo nayo," akasema mama akigeuza vitumbua, "nani alimwambia nani?"

"Mama, vinaungua."

Tukaamua kufanya uhuni wa heshima. Kila asubuhi, saa kumi na mbili, wanafunzi kumi na wawili tukawa tunakutana kwenye kiwanja cha mpira Isevya kujifunza kutoruka. Ukidhani ni rahisi, jaribu kusahau unavyoshuka ngazi ya nyumbani kwenu. Dereva wa bodaboda alijifunga jiwe kwenye mguu kwa kitambaa; akaruka na jiwe lake. Ilituchukua siku nne. Tulipoweza, tukaenda jioni ghalani tukiwa na siri yetu, na sensei akatuongoza, na kwenye kugeuka sisi tukafika kabla yake.

"Mnawahi!" akapiga kelele. "Nani anawafukuza? Rudia!"

Tukarudia. Tukawahi.

"Mnawahi! Mkaguzi akija mtanitia aibu! Fuateni miguu yangu!"

Alikuwa anatweta, ameshika kiuno, na macho yake yalikwenda kwenye msumari. Mimi nikashindwa. Mara ya tatu nikaruka. Wengine wakaniona, wakaruka. "Hapo sasa," akasema sensei, akapangusa jasho. "Hapo sasa mmekuwa watu."

Mkaguzi alikuja Jumamosi. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, mrefu, sauti kama ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na kumbe walisoma karate pamoja na sensei ujanani. Hakuvua hata viatu.

"Hee, Mnyamwezi! Njia nzima nakutafuta barabarani, nikajua nitakukuta na mzigo kichwani!"

"Nilikupikia mlenda," sensei akajibu bila kucheka, "nikakumbuka bakuli tunalo moja tu, nawe utataka kuoga humo."

"Nyamaza wewe. Babu zenu walipita kwetu wanakufa kiu, tukawapa maji."

"Mkawauzia! Matope! Kwa shanga!"

"Na mlikunywa!"

Walikumbatiana huku wanatukanana. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu misafara hiyo hiyo ilipokuwa ikipita kwao, na mtani hakasirikiwi, ndiyo sheria. Sisi tulikuwa tumejipanga ukutani tukitaka kucheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Kisha mkaguzi akavua viatu, akafunga mkanda wake, akaketi kwenye kiti, na uso wake ukafungwa kama duka siku ya Idi.

Asubuhi ile tulikuwa tumekubaliana wanafunzi wote: leo haruki mtu. Anayetazama ni mkaguzi, si sensei. Vizuri. Ila kabla hatujaanza, sensei alipita mstari mzima akitunyoosha kola moja moja, na alipofika mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Fanyeni kama nilivyowafundisha."

Basi jamani, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kwenye kugeuka, watu sita wakaruka. Watano hawakuruka. Mimi nikafanya vyote viwili: niliruka, nikakumbuka nikiwa hewani kwamba haturuki, nikashuka kabla sijamaliza kupanda, nikatua juu ya mguu wa mama wa vitumbua. "Yesu wangu!" akalia mama. Dereva wa bodaboda akadhani ni ule ukelele wa kata, naye akapiga wake, hatua mbili kabla ya wakati.

Mkaguzi akaandika kitu. Nikamwangalia sensei. Alikuwa amesimama chini ya msumari, mikono pembeni, akituangalia kama mtu anayeangalia nguo aliyoikata vibaya na kitambaa ni cha mteja.

"Nani atanieleza," akasema mkaguzi, "hawa waliokuwa wanaruka, wanaruka nini?"

Mama wa vitumbua, mguu mmoja juu, akainua mkono kwa adabu zote. "Fimbo, sensei."

"Fimbo gani?"

Nikatoka mstarini. "Fimbo ni yangu, sensei. Haipo. Niliitunga. Hawa wapya nawasimamia mimi, makosa ni yangu. Mwalimu wetu hana kosa."

"Kuruka gani?" akauliza sensei. Aliuliza kwa kweli kabisa. Alikuwa anageuza kichwa, kwangu, kwa mkaguzi. "Nani anaruka?"

Mkaguzi alinitazama kwa muda, kisha akamgeukia yeye. "Hebu ifanye."

Sensei akatoka chini ya msumari, akaja katikati. Aliifanya peke yake, kwenye ghala lote lile, na marekani ikalia. Nilitaka kufumba macho, nikashindwa. Kwenye kugeuka, goti likakwama. Tap. Akaendelea mpaka mwisho, akainama.

Mkaguzi akajinyoosha kitini, na ule uso wa duka lililofungwa ukafunguka mlango mmoja.

"Mnyamwezi."

"Naam."

"Mizigo mliacha kubeba zamani. Mbona bado unaruka mizizi ya njiani?"

Sensei akatazama chini, kwenye mguu wake wa kulia, kama anaona mgeni. Akaugeuza polepole. Ukakwama. Akaunyanyua, akautua. Akaugeuza tena. Sijawahi kumwona mtu akijifunza jambo kwa haraka namna ile na kwa umri ule. Nikafikiri, sasa atalia, na akilia mimi nitaacha karate nikauze asali mpaka nife.

"Ni ile cherehani," akasema mwishowe. "Ile baiskeli."

"Cherehani ilipona?"

"Ilipona. Ndiyo iliyoshona gwanda hili."

"Basi lilipe goti, limeokoa mali," akasema mkaguzi, na sensei, Mungu amweke, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Hapo nikaelewa: lile neno ambalo mimi na mama tulilizungusha wiki mbili, tusipate pa kulisemea ndani wala nje, mtani alilitema mara moja na hakuna aliyevunjika.

Kisha sensei akakata kicheko, akanigeukia. "Ulijua?"

"Ndiyo, sensei."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kioo."

"Ndiyo maana ukanizungusha kwenye kioo changu kama bibi harusi!"

Mkaguzi akatusimamisha tena. Aliihesabu kata mwenyewe, na safari hii sensei alisema, kwa sauti ya kusikika, "Msiruke." Hatukuruka hata mmoja. Siku nne za Isevya hazikwenda bure. Ilitoka safi, na mguu wa mama umevimba vile vile.

Hukumu ilikuwa hivi. Sensei apewe cheti, ila kwenye kugeuka aelekeze kwa mdomo na mkono, goti lake asiwagawie watoto wa watu. Juu ya hapo alitozwa faini ya utani, galoni la asali, na mkaguzi akasema asipopewa atachukua cherehani. Galoni lilitoka kwetu. Mama mdogo hadi leo ananikumbusha. Wote walipandishwa mkanda, isipokuwa mmoja.

"Wewe mwenye fimbo," akaniambia mkaguzi. "Wa kwako utangoja miezi sita. Usichokijua, sema hukijui."

Niliinama. Nilistahili, na ukweli sikuumia sana, maana nilikuwa nautazama msumari.

Cheti sasa kipo pale juu, na tepu imerudi shingoni. Sensei alielekeza kwa mdomo na mkono kwa muda wa wiki moja hivi. Wiki ya pili akasahau, au akajisahaulisha, akarudi mbele yetu kutuongoza kwa miguu kama zamani. Tulifika kwenye kugeuka. Sisi tukageuka bila kuruka. Yeye akaruka, tap. Na hakuna aliyetuamuru, hakuna aliyepanga, lakini wote kumi na wawili tulikaa palepale, tumetulia, mpaka mguu wake ulipotua. Ndipo tukaendelea naye.

Ikawa hivyo kila jioni. Pumzi moja tu, si zaidi. Amekwisha kuona, nadhani, ila hajasema neno.

Juzi amekuja msichana mpya, binti wa pale Gongoni, mdadisi kama mimi. Tulipomaliza akanishika mkono. "Sempai, pale tukishageuka tunatulia kidogo. Tunatulia nini?"

Haki ya Mungu, jibu lilinijia zuri, limekamilika: adui yuko nyuma gizani, unasikiliza nyayo zake. Kifua kilishaanza kujaa hewa. Nikautazama ukuta, nikaitoa ile hewa.

"Tunamsubiri mwalimu," nikamwambia.